Sifa ya Chombo

"Mashua hii ni ya nani?"

Kwa miaka mitatu tuliulizwa swali hilo karibu kila juma, na walioliuliza walikuwa wapita njia: mtalii mwenye kamera shingoni, dereva wa lori aliyesimama kunywa dafu, afisa aliyekuja kwa kazi ya siku moja, wanakwaya wa usharika mwingine walioletwa na basi. Walisimama, wakaitazama, wakatikisa vichwa, wakasema ni nzuri. Nasi tuliokuwa karibu tulijibu upesi kuliko ilivyohitajika: "Ni yetu. Ni ya usharika."

Nzuri ilikuwa kweli; hatutajifanya wanyenyekevu hapa. Urefu wake futi 30, mkuku wa mvule, mlingoti wa mvinje ulionyooka kama mshumaa wa madhabahuni. Kule omo fundi alichonga nakshi ya majani yanayofuatana, mfano wa zile za milango ya zamani ya pwani. Ubavuni ilipakwa rangi nyeupe, na chini ya ukingo ikapitishwa mistari miwili, mmoja wa buluu na mwingine wa manjano. Tanga lilipojaa upepo wa kusi, watu waliokuwa wakila chini ya miembe waliacha kula, wakaitazama mpaka ikapotea.

Tunaandika juu ya mashua hii kwa sababu ilitufundisha jambo ambalo chuo cha theolojia hakikutufundisha, au pengine kilitufundisha, tukalijibu vizuri kwenye mtihani na kulisahau.

Usharika wetu uko mwambao wa Tanga, na mtaa wake mmoja uko ng'ambo ya mkono wa bahari. Kwa barabara ni kuzunguka saa tatu kwa pikipiki wakati wa kiangazi. Wakati wa masika hapapitiki. Kwa maji, upepo ukikubali, ni saa moja na nusu. Miaka mingi mchungaji alivuka kwa ngalawa ya kuazima, vyombo vya Meza ya Bwana vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mara nyingine alifika amelowa mpaka kiunoni akahubiri hivyo hivyo. Ndipo baraza la wazee likaamua tujenge chombo chetu.

Fedha zilichangwa na wengi, lakini waliojinyima zaidi walikuwa akina mama wa mtaa ule wa ng'ambo. Wao huchemsha dagaa, huwaanika juu ya vichanja, kisha hutafuta namna ya kuwafikisha soko la upande wetu. Kila Jumatatu, kwa mwaka mmoja na nusu, walitenga kitu. Mhazini wetu anakumbuka kwamba noti walizoleta zilinuka dagaa, na kwamba alipozipeleka benki karani alizishika kwa ncha za vidole.

Fundi hakuwa Mkristo. Ni jirani yetu Mwislamu, mzee aliyepita miaka 70, aliyerithi kazi kwa baba yake. Hakuwa na mchoro kwenye karatasi. Alipima kwa kamba, kwa shubiri, na zaidi kwa jicho. Miti ya mataruma aliitafuta mwenyewe porini, ile iliyojipinda tangu ikiwa michanga, maana tao lililoota lenyewe lina nguvu kuliko tao la msumeno. Miezi saba tulisikia tezo yake asubuhi kabla ya kengele ya ibada. Alitoboa kwa keekee, akapiga misumari, akaziba maungo ya mbao kwa kalafati, pamba iliyolowekwa mafuta, akiigongea ndani taratibu kwa patasi butu. Ni mlio ambao mtu akiusikia utotoni hausahau.

Kazi ilipokaribia kwisha alituambia tumtafutie madebe mawili ya sifa.

Baadhi ya wazee wa baraza, ambao kwao ni bara, walitazamana. Labda wasomaji wengine watatazamana pia, kwa hiyo tulieleze neno. Pwani sifa zipo mbili. Ya kwanza tunaijua sote na kuiimba kila Jumapili. Ya pili ni mafuta ya maini ya papa, yanayopakwa kwenye mbao za chombo ili jua lisizikaushe zikapasuka. Chini, panapokaa majini, hupakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, kuwazuia wadudu wanaotoboa mbao. Juu na ndani hupakwa sifa. Na sifa hii ya pili inanuka. Nguo iliyoishika haitoki harufu kwa kufuliwa mara moja. Siku hizi wengi hutumia rangi za dukani na oili chafu ya injini, lakini mzee wetu ni mtu wa desturi.

Tulikataa. Siku ya kuweka wakfu ilikuwa imekaribia, wageni wa dayosisi wangepanda, na hatukutaka washuke wakinuka papa. Tena sifa hutia mbao weusi, nasi tulitaka ndani pang'ae. Katika muhtasari wa kikao iliandikwa: "Ndani ipakwe vanishi." Fundi alisikiliza, akasema, "Chombo ni chenu, padri," akakusanya zana zake akaenda nyumbani. Tulikataa sifa kwa ajili ya sifa, ingawa siku ile hakuna kati yetu aliyeliona jambo hivyo.

Tangu mwanzo kabisa mzee mmoja wa kanisa alisema mashua ni nzuri kupita kiasi. Alitaka nakshi ifutwe kwa randa na chombo chote kipakwe rangi moja ya kijivu. Kanisa la Mwokozi aliyelazwa mahali pa kulia ng'ombe, alisema, halina haki ya kumiliki kitu kinachowafanya watu waache kula.

Mpaka leo tunaona alikosea. Katika Zaburi ya 104 mwimbaji anaitazama bahari kubwa, anaona merikebu zikipita na Lewiathani akicheza, na anavitaja vyote pamoja anapomshangilia Muumba; hakuona haja ya kuziacha merikebu nje kwa kuwa zimeundwa na mikono ya watu. Katika Kutoka 31 Bezaleli anajazwa Roho wa Mungu, na kazi anayopewa si kuhubiri, ni kuchonga mbao, kukata vito na kufua dhahabu. Mzee anayeingia porini kutafuta mti uliojipinda vizuri anafanya jambo ambalo Mungu hulipenda, awe anaabudu pamoja nasi au haabudu. Kuifuta nakshi yake kungekuwa kumtukana, na kumtukana Yule aliyempa jicho lile.

Msharika mwingine aliuliza kwa nini gharama ya nakshi wasipewe wajane. Tulimjibu kwamba hoja hiyo iliwahi kutolewa Bethania, na sote tunajua ilitoka kinywani mwa nani. Watu walicheka, naye akaketi. Sasa tunafikiri jibu lile halikuwa la haki. Yohana anatuambia Yuda alisema vile kwa sababu alikuwa mwizi. Lakini si kila anayeuliza bei ni Yuda, na mchungaji anayemnyamazisha msharika kwa jina la Yuda ameshika panga penye kazi ya wembe.

Basi uzuri haukuwa kosa. Tulichopaswa kukichunguza ni ile raha iliyotupata kila tulipoulizwa mashua ni ya nani.

Kwa nini sifa ya mgeni ni tamu kuliko ya jirani? Jirani anapotusifu tunajua labda anataka kuazima kitu, au ni adabu tu, au anatusifu leo kwa kuwa alitulaumu jana. Mgeni hana haja nasi. Atapanda gari lake aondoke. Kwa hiyo tunaipokea sifa yake kama hukumu safi isiyo na rushwa. Lakini usafi wake unatokana na kutojua. Mgeni hajawahi kutoa maji ndani ya mashua kwa kopo. Hajui ni msumari gani umeanza kushika kutu. Hakuwapo kwenye kikao tulichogombana mpaka taa ikaisha mafuta. Ametuona kwa dakika tatu, na katika dakika hizo tatu tumekuwa watu tunaotamani kuwa. Tunadhani utamu wote uko hapo, katika kusifiwa na mtu asiyetujua. Ndiyo maana mtu anaweza kuona haya kusifiwa na mkewe, ila akapokea kwa furaha sifa ya abiria mwenzake kwenye basi.

Katika Mathayo 6 Bwana Yesu anasema juu ya wale wanaosali kwenye pembe za njia ili waonekane, na anasema wamekwisha kupata ujira wao. Tukisoma kwa haraka tunadhani anasema hawatapata kitu. Hasemi hivyo. Wamelipwa, tena taslimu, na hesabu imefungwa. Sisi tulilipwa hivyo kila juma kwa miaka mitatu, pale pale ufukweni, wala hatukuhisi kwamba kuna kitu tunakipoteza.

Majirani zetu Waislamu wana adabu ambayo tumejifunza kuiheshimu. Mmoja wao akipendezwa na kitu chako, awe mtoto, mbuzi au chombo, huanza na "Mashallah". Wapo wanaosema ni kinga ya kijicho tu, na kwa wengine pengine ndivyo. Lakini neno lenyewe linafanya kazi njema: linaipeleka sifa kwa Mungu kabla haijapata nafasi ya kutua kichwani mwa mwenye kitu. Sisi tunayo "Bwana asifiwe". Tunaitumia kama salamu, kama hodi, hata kuwanyamazisha watu mkutanoni. Mtalii aliposema mashua ni nzuri hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kuisema. Tulisema ni yetu.

Wala hatusemi kwamba dawa ni ule unyenyekevu wa uongo ambao sisi wachungaji tunaujua sana. Mtu akisifu mashua ukamjibu, "Aa, ni ya kawaida tu, imeshachakaa," umesema uongo, umemdharau fundi, na zaidi ya hayo umemwalika mgeni asifu tena kwa sauti kubwa zaidi. Tulijaribu njia hiyo pia. Inafanya kazi vizuri mno.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 27, anauombolezea mji wa Tiro, na anauchora kama merikebu. Ni sura ambayo fundi wetu angeielewa kuliko sisi. Inataja miti ya Seniri kwa mbao, mwerezi wa Lebanoni kwa mlingoti, mialoni ya Bashani kwa makasia, kitani cha Misri chenye darizi kwa tanga. Inawataja hata wazee wa Gebali, mafundi wa kuziba nyufa. Nabii hasemi merikebu ile ilikuwa mbaya. Anaukiri uzuri wake mstari baada ya mstari, mpaka unaona kama anauonea uchungu. Lakini mwanzoni kabisa kuna sauti mbili. Tiro inajisifu yenyewe kwa uzuri wake. Kisha Mungu anasema ni wajenzi wake walioukamilisha uzuri huo.

Tulipoifundisha sura hii kwenye somo la Biblia tulijikuta tunahesabu. Miaka mitatu ya wageni, na hatukukumbuka hata mmoja tuliyemtajia fundi. Nyumba yake iko hatua 200 kutoka mahali mashua inapofungwa. Fundi wa vyombo huishi kwa kazi inayofuata, na kazi inayofuata huja kwa mtu aliyeiona ile iliyotangulia. Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anapoeleza amri ya saba hakomei kwenye kutochukua mali ya mwenzako. Anatutaka pia tumsaidie jirani aitunze na kuiongeza mali na riziki yake. Watoto wetu wa kipaimara wanalijua jibu hilo kwa moyo. Kwa kipimo hicho, kila mara tuliposema "ni yetu" tukanyamaza, tulikuwa tumeshika mkononi kitu cha mzee yule.

Hata hivyo hilo halikutuuma kama jambo la dagaa.

Ilikuwa mwaka wa tatu, siku chache kabla ya Jumapili ya Mitende. Mashua ilikuwa imetoka kupakwa rangi upya. Tulikuwa tumevuka kwa ibada, na wakati wa kurudi tukawakuta ufukweni akina mama watano na viroba vyao vya dagaa. Chombo cha mizigo walichokitegemea kilikuwa kimeharibika, na siku iliyofuata ilikuwa ya soko. Waliomba tuwavushe. Nafasi ilikuwapo. Tuliwaambia tunaweza kuwachukua wao wenyewe, ila dagaa wasubiri, kwa kuwa rangi ni ya juzi na Jumapili kuna wageni.

Hakuna aliyebishana. Mmoja alisema, "Sawa, baba mchungaji." Hawakupanda, maana mtu aende sokoni na mikono mitupu kufanya nini? Tulipotweka tanga na kugeuka tuliwaona bado wamesimama pale, wanaitazama mashua ikienda. Kwa mtu aliyesimama mahali pale, jioni ile, lazima ilikuwa inapendeza sana.

Mvua ya masika ilinyesha siku mbili mfululizo. Viroba viwili viliota ukungu.

Tumesema "tuliwaambia". Msomaji ana haki ya kuuliza ni nani hasa aliyesema. Neno "sisi" ni neno jema kanisani, linatukumbusha kwamba tu mwili mmoja. Lakini pia ni blanketi pana, na mtu anaweza kulala chini yake asionekane. Wazee wawili waliokuwamo walinyamaza. Nahodha alitazama baharini. Aliyesema alikuwa amevaa kola, na ile "sawa" ilielekezwa kwa mtu mmoja.

Augustino, askofu wa Hipo, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Aljeria, anatoa mfano wa wasafiri wanaotamani kurudi kwao. Wanahitaji vyombo vya nchi kavu au vya baharini. Lakini mandhari ya njiani na mwendo mtamu wa chombo vinawanasa, mpaka hawataki tena safari iishe, na nchi yao wanaisahau. Tuliisoma habari hii chuoni, tukaichora ubaoni kwa mishale: vitu vya kutumia upande huu, vitu vya kufurahia upande ule. Hatukujua kwamba chombo cha mfano ule kingekuja kuwa na mstari wa buluu na mwingine wa manjano. Tena sisi tulimzidi msafiri wa Augustino. Yeye angalau alikuwa ndani, akiyumbishwa na mawimbi, na raha ilikuwa yake. Mashua yetu ilikuwa imeanza kuishi kwa ajili ya watu wasioipanda kabisa. Wale walioinunua kwa noti zenye harufu ya dagaa ndio waliokuwa wanaichafua.

Kaskazi iliyofuata vanishi ilianza kubanduka. Jua la miezi ile halina huruma, na mbao za juu ya usawa wa maji zilikuwa zimekauka kwa miaka mitatu bila kunyweshwa kitu. Siku moja tukiwa katikati ya maji na watu 14, bahari ilipochafuka kidogo, maji yakaanza kuingia, si kutoka chini tulikozoea, bali ubavuni, kwenye nyufa ambazo rangi nyeupe ilikuwa imezifunika vizuri. Tulitoa maji kwa makopo, kwa ndoo, na kwa sufuria ya chai ya akina mama. Tulifika. Mtoto mmoja wa Shule ya Jumapili aliuliza kama Yesu alikuwa amelala, na hakuna aliyecheka.

Kuna mmoja wetu aliyewahi kwenda Sweden kuutembelea usharika rafiki, na wenyeji wake wakampeleka kuiona merikebu ya Vasa katika jumba lake la makumbusho jijini Stockholm. Aliporudi alitueleza, tukaisikiliza kama habari ya mbali. Baada ya siku ile ya sufuria tulimwomba aisimulie tena. Vasa ilijengwa kwa amri ya mfalme Gustav II Adolf, mfalme wa Kilutheri aliyetajwa kwa heshima katika vitabu vingi vya historia ya kanisa letu. Ilikuwa na mamia ya sanamu za kuchongwa, zilizopakwa rangi kali, ili maadui na marafiki waione na kustaajabu. Tarehe 10 Agosti 1628 ilitweka matanga kwa safari yake ya kwanza, watu wakiwa wamejaa pwani kuitazama. Ilikwenda kama mita 1,300. Upepo uliilaza ubavu, maji yakaingia kwa matundu ya mizinga yaliyokuwa wazi, ikazama mbele ya macho ya wote, na watu wapatao 30 wakafa.

Hazikuwa sanamu zilizoizamisha. Sehemu ya juu ilikuwa nzito mno na farumi ya chini haikutosha kuishikilia. Na hili halikuwa siri: kabla ya safari mabaharia 30 waliambiwa wakimbie kutoka ubavu mmoja hadi mwingine ili kuijaribu, nayo ikayumba vibaya kiasi kwamba jaribio likasimamishwa. Safari haikusimamishwa. Baadaye kukafanyika uchunguzi, kila mtu akaulizwa, na mwishoni hakuna aliyeadhibiwa. Walikuwa na blanketi lao nao. Vasa iliopolewa mwaka 1961, na wageni kutoka kila nchi bado wanakwenda kuisifu.

Tulikwenda kwa fundi jioni, baada ya sala yake ya magharibi. Tulimwamkia, akatukaribisha barazani, akatuma kahawa. Tulikuwa tumeandaa maneno marefu. Hakuyasubiri.

"Mmeleta sifa?"

Tuliikweza mashua wakati wa bamvua, na ikabidi ikae juu mpaka bamvua nyingine, karibu siku 14. Alikwangua vanishi yote, akatoa kalafati iliyooza, akatia mpya. Kisha akapaka, na alituita tupake pamoja naye, sisi wenyewe, kwa matambara. "Msizidishe," alisema, "mtateleza." Ndani pakawa peusi. Harufu ilitufuata mpaka madhabahuni; Jumapili moja mama mchungaji alifungua madirisha yote ya kanisa kabla ya ibada, asiseme kitu.

Ng'ambo ilibidi kwenda pia, na huko ilikuwa vigumu zaidi. Kila Jumapili tunaungama pamoja kwa maneno yaliyopangwa, na ni maneno mazuri, lakini mama aliyepoteza kiroba cha dagaa hawezi kujua kwamba kiroba chake kimo ndani ya maneno yale. Ilibidi kwenda nyumba kwa nyumba, nyumba tano, na kusema jambo lenyewe kwa jina lake. Wanne walisema yamekwisha, kwa adabu ile inayomwacha mtu bila uhakika. Wa tano alisema, "Mimi nilishakusamehe, baba mchungaji. Ila viroba viwili bado." Vililipwa, si kwa fedha za usharika.

Siku hizi mashua huvusha dagaa kila siku ya kuamkia soko. Rangi ya ubavuni imechubuka mahali viroba vinapoburutwa, na baraza limeamua itapakwa fedha zikipatikana. Nakshi ipo. Wageni bado husimama. Wakikaribia zaidi, harufu huwarudisha hatua mbili nyuma, na wengine huuliza ni kitu gani, tukapata nafasi ya kueleza juu ya papa. Wakiuliza ni ya nani tunawaonyesha nyumba ya fundi, ile yenye mlango wa kijani. Mpaka tunaandika haya aliyefika mlangoni ni mmoja tu, na hakuagiza chombo.

Juzi alikuja mwingine, mtu mzima, amevaa vizuri, ametoka mbali. Alisimama muda mrefu. Akasema hajaona mashua nzuri kama hii mwambao mzima. Tulisema, "Bwana asifiwe," tukamwonyesha nyumba ya mzee. Alishukuru akaenda zake upande wa barabara. Alipokwisha kupotea tukageuka kuitazama mashua, kisha tukasogea hatua chache kushoto, mahali ambapo jua la jioni huipiga nakshi vizuri zaidi.